Fidia na Foleni ya Wadai: Fedha za Bomba la Mafuta Zinavyopita Korogwe na Handeni

Mwananchi wa Handeni au Korogwe ambaye sehemu ya shamba lake imeangukia ndani ya mkuza wa Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, yaani ukanda wa ardhi wenye upana wa mita 30 uliotengwa kwa ajili ya kulaza bomba hilo, analindwa na karatasi za aina mbili. Za kwanza ni sheria za ardhi na uthamini za Tanzania, ambazo anaweza kuzisoma na kuzitumia mahakamani. Za pili ni mikataba ya mikopo kati ya kampuni ya mradi na mabenki, ambayo hakuitia saini, haiwekwi hadharani, na ambayo kwa kawaida hana haki ya kuidai.

Ugumu wa jambo hili ni kwamba katika mambo kadhaa yanayomgusa zaidi, karatasi za aina ya pili zinadai mengi kuliko sheria ya nchi. Mkopeshaji akibadilika, sehemu ya ulinzi huo nayo hubadilika, bila mwenye shamba kuulizwa.

Kwa sababu hiyo mjadala kuhusu nani akopeshe bomba, ambao kwa miaka kadhaa umeendeshwa Paris, Brussels, Kampala na Dodoma, ni suala la Korogwe pia, ingawa jina la Korogwe ni nadra kutajwa ndani yake.

Reli iliyoishiwa fedha njiani

Fedha za mbali si jambo geni kwa Old Korogwe, sehemu kongwe ya mji wa Korogwe iliyo jirani na Mto Pangani, ambao wenyeji huuita Ruvu. Mwaka 1891 iliundwa Ujerumani kampuni binafsi ya kujenga reli kutoka Tanga hadi Korogwe; ujenzi ukaanza 1893, na kufikia 1896 reli ilikuwa imefika Muheza tu, takribani kilomita 40 kutoka baharini, ambako fedha za wanahisa zilikauka.

Reli isiyofika kwenye mashamba haikuwa na mzigo wa kutosha kujilipia. Mwaka 1899 dola ya Ujerumani ikaichukua, na treni ikaingia Korogwe mwaka 1902 kwa fedha za hazina, si za wawekezaji walioianzisha.

Kilichotokea Muheza ndicho ambacho wanasheria wa fedha za miradi hulipwa leo kukizuia kwa maandishi. Mkataba wa sasa hueleza mapema nani ataongeza fedha gharama zikizidi makadirio, nani atalipa mzigo usipofika, na hasara ikitokea itaanzia kwa nani kabla ya kumfikia mwingine.

Mkonge na ngazi ya makato

Mkonge ulioifuata reli hiyo uliletwa na mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893 kutoka Florida, na inasimuliwa kwamba miche 62 tu ndiyo iliyopona safarini. Kufikia 1964 nchi ilizalisha takribani tani 230,000 za singa; mashamba mengi yakataifishwa 1967 baada ya Azimio la Arusha, bei ya dunia ikaporomoka kwa ushindani wa nyuzi za plastiki, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 20,000.

Mwaka 1998 mashamba na viwanda vilivyosalia mikononi mwa Mamlaka ya Mkonge Tanzania vilibinafsishwa kwa wawekezaji wa ndani, na kampuni ya Katani ikawa mwendeshaji. Matano kati ya mashamba hayo, Ngombezi, Magunga, Mwelya, Magoma na Hale, yaliingizwa katika utaratibu ambao wakulima wadogo waligawiwa vitalu ndani ya shamba la kampuni na kupanda mkonge kwa mkopo, ambao sehemu yake kubwa ilitoka katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii.

Kwa jicho la mwanasheria wa fedha, utaratibu huo ulikuwa muamala kamili. Mkopeshaji alikuwepo, mkopaji alikuwepo, na dhamana, yaani mali au haki ambayo mkopeshaji anaweza kuishika deni lisipolipwa, ilikuwa zao lenyewe likiwa bado shambani.

Mkonge huchukua takribani miaka 3 kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na riba haisubiri mmea. Baada ya kuvunwa, majani yalipelekwa kwenye korona, mashine ya kampuni ya kutoa singa kwenye majani, singa zikauzwa na kampuni, kisha gharama za usindikaji na marejesho ya mkopo vikakatwa, na kilichobaki ndicho kilichomfikia mkulima.

Mpangilio huo wa kutoa fedha kwa zamu, ambapo kila mdai hupewa chake kabla ya anayemfuata, ndio uti wa mgongo wa kila mkataba mkubwa wa fedha, uwe wa mkonge au wa mafuta. Katika mikataba hiyo mapato yote huingia kwenye akaunti inayosimamiwa, hulipia kwanza uendeshaji, kisha riba, kisha deni lenyewe, kisha akiba ya dharura, na wanahisa hupata gawio mwishoni kabisa.

*Mwanahisa wa mwisho kwenye foleni amekubali hatari hiyo kwa matumaini ya faida kubwa. Mkulima wa Ngombezi aliwekwa nafasi hiyohiyo bila matumaini hayo.*

Hapo ndipo panapostahili kutazamwa kwa makini. Mwanahisa hukaa mwisho kwa hiari kwa kuwa mradi ukistawi chote kinachozidi ni chake. Mkulima aliwekwa mwisho kama mwanahisa, lakini alilipwa kama mdai mdogo, kwa bei na makato ambayo hakuwa na njia rahisi ya kuyakagua.

Malalamiko ya wakulima juu ya makato na ukubwa wa madeni yalirundikana kwa miaka, na mwishoni mwa miaka ya 2010 Serikali iliingilia kati, mashamba yakawekwa chini ya usimamizi wa Bodi ya Mkonge Tanzania, na wakulima wakaelekezwa kuuza kupitia vyama vyao vya ushirika vya mazao, vinavyojulikana kama AMCOS. Mabadiliko hayo yalipatikana kwa nguvu ya dola, kwa kuwa mikataba yenyewe haikuwa na mlango wa mkulima kuyadai.

Bomba na wadai wake

Bomba la mafuta lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi rasi ya Chongoleani, Tanga, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Mwisho wa safari linapita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda katika joto la kawaida, hivyo bomba limebuniwa kupashwa moto hadi nyuzi 50 za Selsiasi, jambo linalolifanya kuwa bomba refu kuliko yote ya aina hiyo duniani, na pia ghali.

Mmiliki wake ni kampuni iliyosajiliwa Uingereza, yenye wanahisa wanne: TotalEnergies ya Ufaransa kwa asilimia 62, shirika la mafuta la Uganda asilimia 15, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania asilimia 15, na CNOOC ya China asilimia 8. Kampuni ya namna hii huundwa kwa kazi moja tu, ili madeni ya mradi yabaki ndani yake na mkopeshaji alipwe kutokana na mapato ya mradi wenyewe badala ya mali nyingine za wanahisa.

Mapato hayo ni ada ya kusafirisha, iliyokubaliwa kuwa dola 12.77 za Marekani kwa kila pipa. Nguvu ya mkataba wa ada haiko kwenye bei peke yake. Mikataba ya aina hii humtaka mwenye mafuta alipie nafasi aliyoikodi ndani ya bomba hata asipoitumia, na ahadi hiyo ndiyo inayoligeuza bomba lisilohamishika, ambalo benki haiwezi kulibeba na kuliuza mnadani, kuwa kitu kinachoweza kukopewa.

Ngazi za kisheria zilijengwa moja juu ya nyingine. Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba baina ya serikali Mei 2017. Rais Magufuli wa Tanzania na Rais Museveni wa Uganda wakaweka jiwe la msingi Chongoleani Agosti 5 mwaka huohuo. Mkataba wa nchi mwenyeji kwa upande wa Tanzania ukasainiwa Mei 20, 2021, na Bunge likatunga mwaka huo sheria mahususi ya mradi ili makubaliano hayo yawe na nguvu pale ambapo sheria za jumla zingegongana nayo. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji, yaani tamko la wanahisa kwamba fedha sasa zinatoka, ulitangazwa Februari 1, 2022.

Mpango wa awali ulikuwa takribani asilimia 60 ya gharama itokane na mikopo. Mabenki yakasitasita, makadirio yaliyoanzia dola bilioni 3.5 yakapanda kupita bilioni 5, na wanahisa wakalazimika kuendeleza ujenzi kwa mtaji wao kwa muda mrefu kuliko walivyokusudia.

Machi 2025 kampuni ilitangaza kupata sehemu ya kwanza ya mkopo wa pamoja, ambao ni mkopo mmoja unaotolewa na mabenki kadhaa kwa masharti yanayofanana ili hatari isimwangukie mmoja. Waliotajwa ni Afreximbank, Standard Bank ya Afrika Kusini, Stanbic Bank Uganda, KCB Bank Uganda, na shirika la Kiislamu la maendeleo ya sekta binafsi lenye makao yake Jeddah. Hakuna benki ya Tanzania iliyotajwa katika orodha hiyo, ingawa karibu asilimia 80 ya urefu wa bomba uko kwenye ardhi ya Tanzania.

Kwa nini London, na si Lisbon

Msomaji anaweza kujiuliza ni nani hasa huandika mikataba hii. Jibu hufuata historia ya sheria kuliko ramani. Nchi zilizotawaliwa na Waingereza, Tanzania na Uganda zikiwamo, zilirithi sheria inayojengwa kwa maamuzi ya mahakama, na mikataba yao mikubwa ya fedha huandikwa mara nyingi chini ya sheria ya Uingereza, huku mawakili wa Dar es Salaam na Kampala wakishughulikia yale yanayohusu ardhi, kodi na usajili wa dhamana.

Ukivuka Mto Ruvuma hali inabadilika. Msumbiji na Angola zilirithi sheria ya Ureno iliyopangwa katika vitabu vya sheria, na kwa hiyo makampuni makubwa ya mawakili ya Lisbon, kama Vieira de Almeida, PLMJ, Morais Leitão na Miranda, yamejijengea kazi ya mikopo, ununuzi wa makampuni na miradi ya nishati katika nchi hizo, kwa ushirikiano na mawakili wa huko. Mwanasheria wa Lisbon anayesoma sheria ya ardhi ya Maputo anakutana na lugha na mpangilio anaoujua, jambo ambalo asingelipata Dodoma.

Kazi yao haitofautiani sana na ile ya wenzao wa London. Huanza kwa uchunguzi wa kisheria, yaani kupekua vibali, hati za ardhi, kesi na madeni ya mradi kabla ya benki kujifunga. Hufuata uandishi wa masharti tangulizi, yaani orodha ya mambo ambayo yasipokamilika fedha hazitoki. Na humalizikia kwenye vifungu vya dharura.

Thamani ya vifungu hivyo ilionekana Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Mradi wa gesi wa Msumbiji, unaoongozwa na kampuni hiyohiyo ya TotalEnergies, ulikusanya mikopo ya karibu dola bilioni 15 mwaka 2020, lakini baada ya shambulio la waasi katika mji wa Palma, Machi 2021, kampuni ilitangaza tukio lisilozuilika, kifungu kinachomruhusu mhusika kusimamisha wajibu wake bila kuhesabiwa kuwa amevunja mkataba.

Ureno yenyewe imeingia Tanzania kwa mlango wa ujenzi. Mota-Engil ilishirikiana na Yapı Merkezi ya Uturuki katika mkataba wa dola bilioni 1.2 wa reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Morogoro, uliotolewa Februari 2017. Reli hiyo haifiki Korogwe, ambako watu wangali wakitegemea zaidi barabara ya Segera kwenda Moshi.

Wanaopinga na wanaounga mkono

Wapinzani wa bomba walielewa mapema kwamba mradi unaotegemea mikopo unaweza kuzuiwa benki kwa urahisi zaidi kuliko msituni. Kampeni yao iliwalenga wakopeshaji na kampuni za bima, na BNP Paribas, Société Générale, Crédit Agricole, Barclays na Standard Chartered ni miongoni mwa waliotangaza kutoshiriki. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuukosoa mradi kwa misingi ya haki za binadamu na mazingira, azimio ambalo serikali za Uganda na Tanzania zililipokea kwa hasira.

Mahakamani hawakufanikiwa hivyo. Kesi iliyofunguliwa Novemba 2020 katika Mahakama ya Afrika Mashariki na asasi nne za kiraia ilitupwa Novemba 29, 2023 kwa sababu ilifunguliwa nje ya muda wa miezi miwili uliowekwa na Mkataba wa Jumuiya, na hivyo hoja za msingi hazikusikilizwa. Kesi ya Paris chini ya sheria ya Ufaransa ya mwaka 2017 inayoyataka makampuni makubwa kuzuia madhara ya shughuli zao ilikataliwa Februari 2023 kwa sababu za utaratibu pia.

Upande wa serikali una hoja isiyopaswa kupuuzwa. Nchi tajiri zilizojijenga kwa mafuta na makaa zinazitaka nchi za Afrika ziache rasilimali zake ardhini bila kuonyesha fedha mbadala, na bandari ya Tanga, ambayo kwa miongo mingi iliishi kwa mkonge uliokuwa ukipungua, ina cha kupata. Hoja hiyo, hata hivyo, inajibu swali la kama bomba lijengwe, na haijibu swali la nani aliye mwisho wa foleni likishajengwa.

Viwango vinavyosafiri na fedha

Sheria ya Tanzania huzingatia thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yake, pamoja na posho za usumbufu, usafiri, makazi na faida iliyopotea. Viwango vya Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) lililo chini ya Benki ya Dunia, ambavyo mabenki yaliyojiunga kwa hiari na Kanuni za Ikweta tangu 2003 huvitumia, hudai zaidi: fidia itoshe kununua kingine chenye hadhi ileile bila kukata uchakavu, na kipato cha mtu kirejeshwe angalau kilipokuwa, hata kama hana hati ya ardhi.

Tofauti hiyo ina uzito Handeni, ambako ardhi nyingi ni ya vijiji na inamilikiwa kimila bila cheti. Kampuni ya bomba imejifunga hadharani kufuata viwango hivyo, na ndiyo sababu nyumba mbadala zilijengwa kwa waliohamishwa na kuchagua nyumba badala ya fedha, na misaada ya chakula na kilimo ikatolewa, mambo ambayo sheria ya nchi haiyaweki kama lazima.

Ucheleweshaji ulikuwepo pia. Zaidi ya watu 9,000 waliguswa upande wa Tanzania. Uthamini wa awali ulifanyika 2018, na wengi walilipwa miaka kadhaa baadaye, ilhali Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 inaupa uthamini wa fidia uhai wa miaka 2 tu. Shamba la mihogo lililozuiwa kuendelezwa kwa muda wote huo lina hasara ambayo posho haiifidii kirahisi.

*Mabenki yaliyoondoka yaliondoka na kalamu zao pia.*

Hapa pande zote mbili zinastahili kuulizwa swali moja gumu. Mabenki ya Ulaya yaliyojitoa yalikuwa miongoni mwa yale yaliyozoea kutuma wakaguzi huru wa mazingira na jamii na kusimamisha malipo pale sharti linapovunjwa. Kujitoa kwao kulisafisha vitabu vyao, lakini hakukuongeza hata mkaguzi mmoja Korogwe. Nazo serikali zilizowashangilia wakopeshaji wapya kama ushindi wa Afrika hazikuutumia ushindi huo kuviingiza viwango vya kimataifa vya fidia katika sheria ya nchi, ambako mkopeshaji yeyote angevikuta na kulazimika kuvifuata.

Kanuni ya kale ya sheria ya mikataba inasema asiyekuwa mhusika hawezi kuidai ahadi iliyomo. Mwenye shamba anayeamini kwamba viwango vilivyoahidiwa kwa benki havikufuatwa huanzia kwenye dawati la malalamiko la kampuni yenyewe; akishindwa hapo, mahakama za ndani zitampima kwa kipimo cha sheria ya Tanzania, wala si kwa kile cha mkataba wa mkopo.

Muda nao haumpendelei. Masharti ya benki huishi kadiri deni linavyoishi, na siku rejesho la mwisho litakapolipwa mabenki hayatakuwa tena na sababu wala haki ya kuuliza habari za Handeni, wakati zuio la kujenga nyumba au kupanda miti ndani ya mkuza litaendelea kuwepo kwa kadiri mafuta yatakavyokuwa yakipita.